Mundu Ndani ya Damu

Mpunga wa bonde letu hukatwa kwa mundu. Mwezi wa tano na wa sita, anayepita Mkula kuelekea Sanje au Msolwa huwaona wavunaji wameinama majarubani, mundu mkono wa kulia, mashuke mkono wa kushoto. Kwa hiyo huku Kilombero hakuna anayehitaji kuchorewa picha daktari anapomwambia kuwa mtoto wake ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujikunja zikawa kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo. Mtoto hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho hugeuka manjano, mikono na miguu huvimba, damu humwishia.

Kinachohitaji kuelezwa ni jambo jingine, na ndilo ambalo sisi wachungaji huulizwa hata kabla ya habari za dawa: kwa nini sisi? Mara nyingi swali hilo hutufikia likiwa limekwisha kujibiwa nyumbani. Ukoo wa mume unasema mke amekuja na mkosi. Ukoo wa mke unasema kuna mkono wa mtu. Tumeona ndoa zikivunjika juu ya makaburi mawili au matatu madogo. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali la namna hiyohiyo mbele ya kipofu wa kuzaliwa, kama tunavyosoma katika Yohana sura ya 9: aliyekosa ni nani, yeye au wazazi wake? Bwana aliyakataa majibu yote mawili. Hata hivyo hakuwaeleza macho yale yalipofuka kwa njia gani. Kwa upande wa selimundu njia hiyo leo inajulikana, na sehemu kubwa ya historia ya kujulikana kwake ilitokea hapa hapa Afrika Mashariki, mikononi mwa mtu aliyekulia shambani Kenya. Tunaona inafaa historia hiyo isimuliwe kanisani, si hospitalini peke yake.

Anthony Clifford Allison alizaliwa mwaka 1925 Afrika Kusini, akakulia katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, kwenye Bonde la Ufa. Alikuwa mtoto wa walowezi, na tusifiche kwamba milango iliyofunguliwa mbele yake ilikuwa imefungwa kwa watoto wa vibarua wa mashamba yale. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha Oxford huko Uingereza, ambako alisomea udaktari huku moyo wake ukiwa katika kemia ya viumbe hai na asili ya mwanadamu.

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara kwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Allison alikusanya damu. Nia yake ya kwanza ilikuwa kulinganisha makundi ya damu ya makabila mbalimbali ili ajue nani ana undugu na nani. Pamoja na hayo aliipima damu ileile kwa ajili ya selimundu. Kipimo kilikuwa chepesi: tone la damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha hutazamwa kwa darubini. Damu ya mwenye vinasaba vya selimundu huonyesha chembe zilizopinda hata kama mwenyewe ni mzima wa afya na hajawahi kulala kitandani hata siku moja.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana kuna tofauti ambayo isipoeleweka yote yanayofuata yatachanganya. Kila mtu hupokea kinasaba kimoja cha hemoglobini kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Hemoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni katika damu. Aliyepokea kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji: si mgonjwa, analima, anaoa, anazeeka. Aliyepokea kutoka kwa wote wawili ndiye anayeugua. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne ya kupata mbebaji kama wao, na moja kati ya nne ya kupata mtoto asiye nacho kabisa. Tunasema kila mimba. Wapo wazazi wanaodhani kwamba wakishampata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, hesabu huanza upya kila mara.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya madaktari mwaka 1910, pale Chicago, na daktari James Herrick. Mgonjwa wake alikuwa kijana kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuja Marekani kusomea udaktari wa meno. Alihitimu, akarudi kwao, akafariki mwaka 1916 akiwa kijana bado. Babu zetu hawakuhitaji jarida kujua kwamba wako watoto wa namna hiyo. Katika mwaka uleule wa 1949, wakati Allison anapita vijijini Kenya na vichupa vyake, Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina chaji ya umeme tofauti na ya mtu mzima. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulifuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Kuanzia hapo haikuwa tena habari ya damu mbaya kwa maana ya watu wabaya. Ilikuwa habari ya protini.

Turudi kwa Allison. Alipopanga majibu yake aliona jambo la ajabu. Pwani ya Kenya na karibu na Ziwa Victoria, watu zaidi ya asilimia 20 walikuwa wabebaji. Kati ya sehemu hizo mbili, katika nyanda za juu, hawakufika asilimia 1. Kabila na lugha havikulieleza jambo hilo, kwa sababu watu wenye asili moja walitofautiana na watu wenye asili tofauti walifanana. Na kulikuwa na fumbo kubwa zaidi. Nyakati zile mtoto mwenye selimundu kwa kawaida hakuishi hadi kuzaa. Kinasaba kinachoua namna hiyo kingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi hadi kiishe. Ni nini kilichokishikilia?

Mtu wa Kilombero angeweza kumjibu bila darubini: ni wapi palipo na joto, maji yaliyotuama na mbu? Pwani na ziwani. Ni wapi pasipo na mbu wengi? Milimani. Allison alilitazama hilo, akawaza kwamba huenda kinasaba kilekile kinachomwua aliyekipokea mara mbili humlinda na malaria aliyekipokea mara moja. Hakuwa wa kwanza kulisogelea wazo hilo. Daktari mmoja aitwaye Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikwisha kuandika mwaka 1946 kwamba wabebaji walionekana kuwa na vimelea vya malaria kwa nadra kuliko wengine. Lakini Allison ndiye aliyeamua kulithibitisha kwa kila njia aliyoweza. Ilimbidi kwanza amalize masomo yake ya udaktari. Alirudi mwaka 1953.

Alifanya mambo matatu. La kwanza, karibu na Kampala aliwapima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya watoto 43 waliokuwa wabebaji, 12 walikuwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasio wabebaji, 113 walikuwa navyo. Kwa asilimia ni kama 28 dhidi ya 46. La pili, alipima damu ya watu karibu 5,000 wa makabila mengi ya Uganda, Kenya na Tanganyika, akaona kwamba pasipo malaria ya kudumu wabebaji ni wachache sana, na palipo malaria nzito huweza kufikia asilimia 40, kama kwa watu wa Bwamba, magharibi mwa Uganda.

La tatu ndilo linalotusumbua. Huko Nairobi aliwachukua wanaume 30 Wajaluo waliokubali kushiriki, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, akawaambukiza malaria makusudi, wengine kwa kuumwa na mbu, wengine kwa kudungwa sindano ya damu yenye vimelea. Kati ya wale 15 wasio na kinasaba, 14 walipata vimelea. Kati ya wabebaji, ni 2 tu. Kisha walitibiwa. Kwa sayansi, jibu lilikuwa wazi kuliko mwanga wa mchana. Lakini tukumbuke mwaka na mahali. Ni 1953, Nairobi, na Kenya iko chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Katika mji kama ule, neno la kukubali lina uzito gani pale anayeomba ni daktari mzungu? Azimio la Helsinki, ambamo madaktari wa dunia walikubaliana namna ya kumheshimu mtu anayefanyiwa utafiti, lilikuja baadaye, mwaka 1964. Hatusemi hili kumhukumu marehemu. Tunalisema kwa sababu jina la Allison linafundishwa darasani, na ya wale 30 hayatajwi. Sisi tunaoamini kwamba Mungu huwajua watu wake kwa majina tungependa kuyajua. Na tunawakumbusha vijana wetu ambao leo huombwa kushiriki tafiti za malaria huko Ifakara, wakasomewa fomu ndefu ya ridhaa na kuambiwa wanaweza kujitoa wakati wowote, kwamba fomu ile inayowachosha ina historia.

Mwaka 1954 Allison alitoa matokeo yake. Hayakupokelewa kwa shangwe. Wapo waliorudia vipimo mahali pengine na kupata majibu yasiyolingana na yake, na kwa miaka kadhaa walibishana. Yeye alikwenda California kufanya kazi kwa muda na Pauling. Mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha tofauti yenyewe iko wapi: katika mnyororo wa protini wenye viungo 146, kiungo kimoja tu, cha sita, kimebadilika. Ni sawa na barua ndefu yenye herufi moja iliyokosewa. Oksijeni inapopungua, hemoglobini za aina hiyo hushikamana na kuwa nyuzi ndefu, nazo nyuzi huikunja chembe. Kwa mbebaji jambo hilo halimdhuru kwa kuwa zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ni ya kawaida. Lakini kimelea cha malaria kinapoingia ndani ya chembe yake, chembe hiyo hujikunja upesi kuliko nyingine, na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoelezwa; zipo nyingine.

Ubishi ule umekwisha. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba mtoto mbebaji ana kinga ya nusu hivi dhidi ya malaria ya kawaida, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ile ya kupoteza fahamu na kuishiwa damu.

Sasa tuitazame ramani ya kwetu. Mlima wa Udzungwa uko mgongoni mwa Mkula, na mbele yetu ni tambarare ya maji. Katika kijiji cha Namawala, ng'ambo ya Ifakara, watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku. Si ajabu kwamba Waswisi, Rudolf Geigy akiwa mbele, waliweka maabara yao Ifakara mwaka 1957, maabara ambayo ndiyo mama wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na wengine waliokaa bonde hili kwa vizazi vingi walikaa humo kwa gharama, na waliobaki hai hawakubaki kwa bahati tupu. Baadhi yao walibeba mundu mmoja ndani ya damu, na mundu huo uliwafyekea njia. Bibi aliyezaa watoto wanane wakakua saba, na jirani yake aliyezaa wanane wakakua watatu, huenda walitofautiana kwa herufi hiyo moja. Kumbe kile ambacho koo zilikiita mkosi wa mke kiliingia katika ukoo wa mume na wa mke pia, na kilikaa humo kwa sababu kiliokoa watoto.

Yuko mhubiri atakayeona hapa mfano mwepesi wa msalaba: mmoja anakufa ili wengi wapone. Tumewahi kuusikia ukisemwa, tena mazishini. Sisi tunaukataa. Kristo alijitoa mwenyewe akijua anachokifanya. Mtoto wa miaka minne hakuulizwa. Kumwambia mama yake kwamba kifo kile ni malipo ya afya ya ukoo ni kumfanya Mungu kuwa mfanyabiashara. Vinasaba vinaeleza jinsi ilivyotokea. Havimfariji mtu, wala havikuumbwa kwa kazi hiyo. Martin Luther alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13, na yeye aliyekuwa amefundisha Ujerumani nzima habari za ufufuo alilia mbele ya watu. Hakuona kwamba imani yake imepungua. Mchungaji anayekwenda matangani kwa mtoto wa selimundu akiwa na machozi badala ya maelezo yuko katika ukoo mzuri.

Lakini maelezo yana mahali pake, na mahali hapo ni kabla ya msiba. Mtu akishaelewa kwamba kinasaba hutoka kwa baba na mama kwa usawa, hawezi tena kumrudisha mke kwao kwa kosa hilo bila kujirudisha na yeye. Akishaelewa kwamba mbebaji si mgonjwa, hatamnyanyapaa mchumba. Nabii Ezekieli, sura ya 18, aliikataa ile mithali ya watu wa Israeli iliyowatwika watoto makosa ya baba zao katika mfano wa zabibu chungu. Tunadhani sura hiyo ingefaa kusomwa katika kila ukoo wa bonde hili unaotafuta mchawi.

Na kuna habari njema ambazo Allison hakuwa nazo mwaka 1954. Malaria yenyewe imerudishwa nyuma. Ilikuwa ni huku Kilombero na Ulanga, kuanzia mwaka 1997, ambako vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, na watafiti wakaona kwamba watoto wadogo waliolala ndani yake walikuwa na nafasi ya kuishi kubwa zaidi kwa asilimia 27. Chandarua kinafanya kazi ya mundu bila kudai mtoto wa nne. Kwa mtoto mgonjwa chandarua ni cha lazima kuliko kwa mwingine yeyote. Wapo wanaodhani kuwa kwa sababu ana selimundu basi malaria haimwezi, na hilo ni kosa la hatari, maana kinga ni ya mbebaji, na mgonjwa malaria humwua upesi. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu, wakionyesha kwamba kwa penisilini, asidi ya foliki, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiurea, mtoto huyu anaweza kukua. Tunao vijana kanisani wenye selimundu wanaoimba kwaya. Miaka 40 iliyopita wazee wetu hawakuwaona vijana hao, kwa kuwa walikuwa wamezikwa.

Allison mwenyewe aliendelea na mambo mengine. Alirudi Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, kisha akahamia Marekani, ambako yeye na mkewe Elsie Eugui, mwanasayansi kama yeye, walifanya kazi iliyozaa dawa inayozuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo, na leo inatumika duniani kote. Alifariki California Februari 2014, akiwa na miaka 88.

Limebaki jambo moja linalobishaniwa katika vikao vyetu vya wazee wa kanisa: je, wachumba wapimwe selimundu kabla ya matangazo ya ndoa? Wengine wanasema ndiyo, na wakikutwa wote wabebaji wasifungishwe. Wengine wanasema kanisa halina kazi na damu za watu. Sisi tunashika njia iliyo katikati, na tunajua haiwaridhishi wote. Wapimwe, kwa hiari yao, na majibu yawe yao, si ya baraza. Waelezwe hesabu ya moja kati ya nne kwa lugha wanayoielewa, waambiwe pia kwamba mtoto akizaliwa na ugonjwa apelekwe kliniki mapema, asingojewe azidiwe. Halafu waachwe waamue mbele za Mungu. Wapo watakaoachana, na hatutawalaumu. Wapo watakaoamua kuoana na kuiacha nafasi ile moja mikononi mwa Bwana.

Katika darasa la wachumba hapa Mkula, swali linalokuja baada ya maelezo yote haya huwa ni moja, na huulizwa kwa sauti ya chini: "Mchungaji, tukikutwa nacho wote wawili, mtatufungisha?" Tunawajibu kwamba tutawafungisha.